Nukta Nyekundu za Kikwajuni

"Katika hawa wagonjwa wako wote, mwanangu, wewe mwenyewe umemwona hata mmoja?"

Swali hilo aliniuliza sheha wetu, kiongozi wa serikali mtaani, mchana kweupe, mbele ya watu waliojaa baraza yake mpaka njiani, na mimi nimesimama pembeni ya ramani niliyoibandika ukutani, mkononi nna mwiko wa mama niliouchukua jikoni kwa haraka ili uwe kijiti cha kuonyeshea. Nilimtazama mama aliyekuwa amekaa mkekani safu ya pili, naye akageukia upande wa pili kama mtu ambaye hajapata kuniona. Naona haya kulisimulia jambo hili hata leo, lakini kwa kuwa Kikwajuni nzima inalijua, na wapo wanaolisimulia vibaya zaidi kuliko lilivyokuwa (na lilivyokuwa linatosha), bora nilisimulie mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi kutoka Bara, miaka minne ya chuo kikuu, nimesomea takwimu za afya, na nimerudi na tabia moja iliyowachosha watu wote wa nyumbani: kila nikiambiwa kitu nauliza, umejuaje? Mama akisema leo mvua itanyesha, nauliza umejuaje. Jirani akisema mtoto kapigwa jicho, nauliza kalipima nani. Mjomba wangu alifika mahali akiniona naingia ukumbini anasema, "Kaja hakimu," anachukua kikombe chake cha kahawa anaenda kumalizia nje. Mimi nilijiona ndiye mtu pekee mwenye akili timamu katika nyumba ile, na pengine katika mtaa.

Nikapata kazi kwenye mradi mdogo wa kufuatilia maradhi mjini. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila mtaa una mhudumu wa afya wa kujitolea, mara nyingi mama mtu mzima anayejulikana kila nyumba, na kila Jumamosi anapita mlango kwa mlango anauliza wiki hii nani kapata homa, nani kakohoa, nani kaharisha, anatia alama kwenye fomu, fomu inaletwa kwangu. Zahanati na hospitali nazo zinaleta orodha zao, mgonjwa gani katoka mtaa gani. Mimi naviingiza vyote kwenye kompyuta, na kila mgonjwa anakuwa nukta nyekundu juu ya ramani ya mji. Nukta zikijikusanya mahali pamoja, tunajua hapo pana jambo, na watu wa afya wanakwenda kuangalia kabla halijawa kubwa. Ni kazi nzuri na naipenda mpaka leo. Aibu si ya kazi, aibu ni yangu.

Sasa, fomu ile ilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa Maelezo, na hiyo safu ndiyo iliyonikera tangu siku ya kwanza. Mhudumu wa mtaa wetu alikuwa Bi Tatu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, na Bi Tatu alikuwa haachi nafasi tupu. "Kaharisha. Alikula pweza wa juzi, nlimwambia asile." "Homa. Mume kasafiri, hana wa kumpeleka zahanati." "Hakuna mgonjwa. Paka kazaa watano, wanatafuta wa kuwachukua." Niliyasoma yale nikaona huu ni umbea, mtu hawezi kuuingiza paka kwenye takwimu, na asubuhi moja, bila kuagizwa na mtu wala kumuuliza mtu, niliitengeneza fomu upya nikaifuta ile safu. Nilibonya mara moja tu. Nakumbuka nilijisikia kama mtu aliyefagia chumba.

Bi Tatu akanipigia simu siku ileile aliyopata fomu mpya.

"Mwanangu, hapa pa maelezo mbona pameondoka?"

"Nataka namba tu, Bi Tatu. Sababu tutazitafuta sisi huku."

"Sisi nani?"

"Sisi ofisini." (Ofisini nilikuwa mimi, meza mbili na feni linalozunguka upande mmoja tu.)

"Haya, ofisi," akasema, akakata.

Ukaingia mwezi wa Shaaban. Jumamosi mbili za kwanza fomu za Kikwajuni zilikuja na nukta chache, jambo la kawaida. Jumamosi ya tatu nikaziingiza namba, nikabonya, na pale mtaani kwetu juu ya ramani pakaiva. Nukta zilikuwa zimebanana hata nyingine zimefunikana. Kuharisha, kuharisha, kuharisha, nyumba hadi nyumba. Nikapandisha ramani, nikashusha, nikanywa maji, nikaitazama tena. Simu ikalia, Bi Tatu. "Mwanangu, hizo fomu usishtuke ukiziona, kwa sababu mwezi huu watu wa kwetu..." Nikamkata. Nilimwambia kwa upole (nilidhani ni upole) kwamba mimi ndiye ninayetakiwa kuamua cha kushtukia na cha kutoshtukia, na kwamba namba zikishafika zinajisemea zenyewe. Akasema, "Haya." Hakupiga tena.

Nikakaa kutafuta sababu. Na mnielewe, sikukurupuka. Nilijiuliza maswali yote niliyofundishwa. Ni maji? Hapana, kwa sababu nyumba za upande wa pili wa barabara zinatumia bomba hilohilo na zina nukta mbili tu. Ni kisima? Hakuna kisima. Mbona hakuna watoto, wote ni watu wazima? Hili lilinisumbua sana, nikakizunguka chumba kizima, halafu nikapiga kidole mezani: ni kitu wanachokula wakubwa ambacho watoto hawali, kitu chenye pilipili. Nikazitazama nukta zimezunguka nini. Zilikuwa zimezunguka pembe moja, kama watu waliozunguka ngoma, na pembe hiyo ni ya Bi Zuhura.

Bi Zuhura anauza urojo. Ni mjane, jirani yetu tangu sijazaliwa, na kila jioni anatoa meza yake mlangoni, sufuria la urojo katikati, bajia huku, kachori kule, chatini ya nazi, embe mbichi, pilipili kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Anakula kwa meza hiyo, yeye na binti yake mwenye mtoto mchanga na mkwe asiye na kazi, na mwezi wake mkubwa wa biashara ni Ramadhani, baada ya futari, ambapo watu wanatoka mpaka Michenzani na Kisiwandui kuja kusimama foleni pale. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki moja na kitu. Hayo yote niliyajua. Niliyajua vizuri kuliko nilivyoijua kompyuta yangu.

Mkuu wangu alikuwa Pemba, simu yake haipatikani. Ningeweza kungoja. Ningeweza kutembea hatua mia mbili kutoka kwetu nikagonga mlango mmoja, wowote. Badala yake niliizungushia duara pembe ya Bi Zuhura, duara nene jekundu, nikaipiga picha ramani, nikaituma kwenye kundi la mtaa la simu na maneno haya, ambayo nayajua kwa moyo kwa sababu nilisomewa mara nyingi baadaye: "Ndugu wakaazi, kuna mlipuko wa kuharisha mtaani petu. Kwa sasa tujiepushe na vyakula vinavyouzwa eneo lililozungushiwa alama mpaka uchunguzi ukamilike." Sikumtaja Bi Zuhura kwa jina. Nilijisifu kwa hilo, kana kwamba katika duara lile palikuwa na mwingine anayeuza chochote.

Jioni ile nilipita nikitoka kazini. Sufuria lilikuwa limejaa mpaka juu, limefunikwa, na Bi Zuhura amekaa nyuma yake ananipungia mkono. Hana simu ya picha, alikuwa hajui bado. Akaniita, "Njoo mwanangu, leo watu wamelala, njoo nikutilie." Nikasema nna haraka.

Kesho yake sheha akaitisha mkutano baada ya sala ya Alasiri, kwa sababu mtaa ulishachemka. Nikaenda Darajani kuichapisha ramani kwenye karatasi kubwa kama mlango, na niliporudi mtaani nikamkuta bwana afya kashatangulia, amesimama mlangoni kwa Bi Zuhura na kisanduku chake, anachota urojo kijiko kimoja anautia kwenye kichupa, na watu wamekaa baraza za pande zote mbili wanaangalia. Bi Zuhura alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili. Mimi nilipita nimebana karatasi yangu kwapani.

Nikabandika ramani, nikaanza. Nilisema vizuri, naungama, nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Nikaeleza nukta ni nini, duara ni nini, kwa nini si maji, kwa nini si watoto. Nilichosahau ni kwamba watu wa Kikwajuni wanayajua mapaa yao hata kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, na sikufika katikati kabla minong'ono haijaanza, "Hiyo si kwenu hiyo?" "Kwetu iko wapi? Hiyo ya kwa Mzee Haji." "Mzee Haji, na wewe umo?" Ndipo sheha, mzee mpole aliyekuwa amenisikiliza mkono umeshika shavu, akaniuliza lile swali.

Nikasema, "Takwimu zinaonyesha kwamba..."

"Sikuulizi takwimu. Nakuuliza macho yako."

Kisha kutoka upande wa wanawake Bi Zuhura akasimama, akatengeneza buibui, akasema, "Sheha, niruhusu." Akaja mpaka kwenye ramani, akaisogelea kwa sababu macho yake si mazuri, akaweka kidole.

"Nukta hii, mwanangu, ni nyumba ya nani?"

"Ni... kwa Bi Kijakazi."

"Bi Kijakazi, upo?"

"Naam," sauti ikatoka nyuma.

"Uliharisha wiki iliyopita?"

"Zuhura, unaniuliza mbele ya wanaume?"

"Huyu keshakubandika ukutani. Mie nakuuliza tu."

Watu wakaanza kucheka. Bi Kijakazi akasema, "Niliharisha, alhamdulillahi, nikapata nafuu."

"Kwa kula nini?"

"Kula? Si kula, kunywa. Si sanamaki yako hiyo uliyonitilia kwenye chupa."

Kidole kikahamia nukta nyingine. "Na hapa?"

"Hapa ni mimi," Mzee Haji akasema mwenyewe kabla sijataja jina. "Sanamaki. Na mwakani nipunguzie, Bi Zuhura, nilikosa sala ya jamaa siku mbili."

Kicheko kikapanda. Kwa asiyejua: sanamaki ni majani ya dawa, yanachemshwa, mtu anakunywa alfajiri na tumbo linasafishwa lote mpaka jioni, na katika mtaa wetu wazee wana desturi ya kuinywa Shaaban ikishafika nusu ili waingie kwenye mfungo na tumbo jepesi. Watoto hawapewi. Na anayeichemsha, kwa sufuria zima, kwa ajili ya majirani wote, bila kuchukua chochote kwa mtu, ni Bi Zuhura, kama mama yake alivyokuwa akifanya kabla yake. Kila nyumba inapeleka chupa. Upande wa pili wa barabara hawapeleki, wao wana mtu wao. Ramani yangu haikukosea hata nukta moja: kitu kilichowaharisha watu kilitoka pale pale nilipochora duara.

Lakini Bi Zuhura alikuwa hajamaliza. Kidole kikasogea kidogo. "Na hii? Hii ya nani?"

Nikaitazama. Nilikuwa nimeingiza nukta zote kwa namba za nyumba, sikuwa nimezitazama moja moja.

"Ni kwetu," nikasema.

Mama hakusimama. Alisema akiwa amekaa, bila kunitazama, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia chai imepoa. "Na mie nlikunywa. Nikakutilia na wewe kikombe, ukaniambia mwili unajisafisha wenyewe, nani kathibitisha hayo mambo ya majani. Nikakwambia basi, nkinywa peke yangu itakuwaje, nikanywa." Akanyoosha ncha ya mkeka. "Siku hiyohiyo umekwenda kazini ukanitia kwenye ramani."

Sitaki kueleza kicheko kilichotoka pale. Kulikuwa na mtu aliyelala mkekani kabisa. Bi Zuhura akamgeukia bwana afya: "Basi andika, baba. Mimi ndiye niliyewaharisha." Bwana afya akafunga kisanduku chake, akaniambia, "Dada, siku nyingine nipigie simu kwanza," akaondoka na kile kichupa cha urojo, sijui alikifanya nini. Na Bi Tatu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na miwani yake ya uzi, hakusema neno. Ningeshukuru angesema.

Nilichokiona katikati ya kelele ni kwamba kila mtu alikuwa anacheka isipokuwa Bi Zuhura. Alikuwa bado anaitazama ramani, lile duara.

Usiku nikaandika kwenye kundi la mtaa kuomba radhi, maneno marefu, nikajilaumu kila mstari. Mtaani kwetu waliyapokea, wakanitumia vikaragosi vya kucheka. Lakini picha ilikuwa imeshatoka mtaani tangu jana yake. Ilikuwa imekwenda Michenzani, Kisiwandui, Jang'ombe, Darajani, bila maneno yangu, picha tu na duara tu, na kila ilipofika mtu ameongeza lake. Radhi yangu haikuwa na picha, haikuenda popote.

Siku ya pili mama akanichukua mpaka kwa Bi Zuhura. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, nikaomba radhi, nikalia. Bi Zuhura akaitika marahaba, akanishika kichwa.

"Mie nshakusamehe, mwanangu. Sasa nenda kawaambie na wa Darajani."

Ramadhani ikaingia. Jioni ya kwanza alitoa meza kama kawaida, na foleni iliyokuja ilikuwa ya majirani, watu kumi, kumi na mbili, wale wale waliokunywa sanamaki. Wa mbali hawakuja. Nikafikiri nimepata dawa: kila siku baada ya futari nitakaa pale, barazani, mahali pa kuonekana, nile urojo bakuli mbili, watu waone kwamba aliyeandika ndiye anayekula. Nikafanya hivyo siku tano. Wapitaji walikuwa wakipunguza mwendo, wanasukumana, "Ndiye huyo wa ramani," "Basi hiyo ndiyo meza yenyewe," na waliokuwa hawajui wakajua. Siku ya sita Bi Zuhura alinitilia bakuli, akaniwekea na kachori ya ziada, akasema taratibu, "Kula hii, kisha usije tena. Ukikaa hapa ndio watu wanakumbuka."

Katikati ya mwezi akaacha kutoa meza. Sufuria alilifunika kwa kanga akaliweka juu ya kabati la ukumbini, nililiona nilipokwenda kumpelekea tende.

Safu ya Maelezo niliirudisha, nikaipanua, nikawaambia wahudumu wote waandike wanachotaka, hata paka. Nikala kiapo, na hicho sijakivunja: sitataja chanzo cha maradhi kabla sijaingia kwa miguu yangu kwenye nyumba tatu na kumuuliza mwenye nyumba usoni, na ramani yenye nyumba za watu haitoki mezani kwangu. Nilipomaliza kula kiapo nilijisikia vizuri kidogo, na nilizidi kujisikia vizuri kwa sababu ya fomu za Kikwajuni. Tangu Idi zilikuwa zinakuja safi. Kuharisha sifuri, homa sifuri, wiki baada ya wiki, miezi mitatu. Nilizionyesha kwenye kikao cha ofisi, nikasema huenda kutokana na fujo ile watu wamekuwa waangalifu zaidi. Mkuu wangu akatikisa kichwa kuafiki. Mimi, ninayemuuliza mama amejuaje mvua itanyesha, sikuuliza kitu.

Mwaka na nusu ukapita ndipo Bi Tatu alipoacha kazi kwa ajili ya magoti, akaniita kwake Jumamosi moja anikabidhi madaftari. Tukanywa chai. Nikamwambia, kama zawadi ya kumuaga, kwamba katika mitaa yote hakuna uliokuwa safi kama wake ile miezi mitatu baada ya Idi.

"Safi?" akasema. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, muda mrefu.

Kisha akaniambia. Baada ya mkutano ule hakuna mlango uliomwambia kitu. Wanawake walikuwa wanamkaribisha, wanampa kiti, wanamuuliza hali ya magoti, na akitoa fomu wanasema kwetu wazima, wote wazima, kwa sababu hakuna aliyetaka nyumba yake ibandikwe ukutani. Sifuri alikuwa akiziandika mwenyewe nyumbani, akiona haya kuniletea karatasi tupu, na safu ya Maelezo niliyoirudisha aliiacha wazi. Na katika miezi hiyo mjukuu wa Bi Zuhura, mtoto wa kike wa miezi minane, aliharisha siku tatu ndani ya nyumba ile ya pembeni, mlango umefungwa, mpaka macho yakaingia ndani. Bi Zuhura ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali. Walipomuuliza anaishi wapi, alisema Jang'ombe.

Mtoto alipona, sasa anatembea. Nilikwenda ofisini siku ileile, nikaifungua ramani ya mwezi ule, na nukta yake ilikuwepo, Jang'ombe, nilikuwa nimeiingiza kwa mkono wangu.